Mlio Si Risiti

Dereva anayelipia barabara kwa kifaa kilichobandikwa kwenye kioo hukizoea upesi kiasi cha kusahau kama kipo. Unapita chini ya antena, kinalia mara moja, kizuizi kinanyanyuka, na mawazo yako yako mbali. Nimeendesha gari lenye kifaa hiki kwa miaka mingi. Nimebadilisha magari, nimebadilisha vioo, nimefungua akaunti na kuzifunga, na neno nililo nalo kwa madereva wenzangu ni hili: ule mlio unakuambia kwamba mashine imekitambua kifaa chako, basi. Hausemi umetozwa kiasi gani, gari lako limewekwa daraja lipi, wala pesa zimetoka kwenye akaunti ya nani. Hayo yameandikwa kwingine, na asiyekwenda kuyasoma huko atakuja kuyajua siku yameshakuwa deni.

Lakini tuanze na kifaa chenyewe, maana kukitunza kunategemea ni cha aina gani. Kuna stika nyembamba isiyo na betri. Ndani yake mna chipu ndogo na antena iliyochorwa kwa metali laini. Stika hiyo hulala kimya mpaka mawimbi ya redio ya mashine ya langoni yaifikie, na nguvu ya mawimbi hayohayo ndiyo inayoiamsha na kuiwezesha kurudisha namba yake. Stika za FASTag za India, zilizofanywa za lazima Februari 2021, ni za namna hiyo. Kuna kisanduku cha plastiki chenye betri ya lithiamu ndani, kama vile vinavyotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ambavyo huongea na antena kwa masafa ya gigahezi 5.8. Na kuna mtindo wa Japani, ambako mashine hufungwa ndani ya gari na kutumia umeme wa gari, ila haikubali kazi mpaka uitie kadi ya malipo. Kila aina ina ugonjwa wake. Stika hufa kwa kuchanika, kisanduku hufa kwa betri kuisha, na mashine ya kadi hugoma siku kadi inapopitwa na muda, huku yenyewe ikiwa nzima kabisa.

Somo lililonikaa zaidi lilitoka kwenye kioo. Lori lililokuwa mbele yangu lilirusha jiwe, kioo cha mbele kikapasuka, nikapeleka gari gereji likawekewa kioo kipya. Fundi alikuwa mwangalifu. Alikitoa kifaa taratibu, akasafisha, akakibandika upya kwa gundi mpya palepale kilipokuwa zamani. Tangu siku hiyo malango yakaanza kunikataa. Taa inabaki nyekundu, kizuizi hakinyanyuki, na nyuma yangu honi zinalia. Nikikisogeza kifaa kidogo kinapokewa, kesho yake kinakataliwa tena. Akaunti ilikuwa na salio la kutosha na kifaa hakikuwa kizee.

Nilikwenda kituo cha huduma. Dada aliyenipokea alichukua kisomaji cha mkononi, akakijaribu kifaa kikiwa mezani, kikajibu mara moja. Tukatoka nje hadi kwenye gari, tukakirudisha mahali pake, akasimama mbele ya boneti akaelekeza kisomaji kwenye kioo. Kimya. Akaniuliza, "Baba, kioo hiki umebadilisha karibuni?" Nilipompigia fundi simu kumuuliza aliweka kioo gani, alijibu kwa fahari, na kwa haki yake: "Mzee, hicho ni bora kuliko cha kwanza, kinazuia joto la jua."

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Vioo vingi vinavyopunguza joto vimepakwa utando wa metali mwembamba mno ambao jicho halioni. Utando huo huakisi joto la jua lisiingie, na kwa tabia hiyohiyo huzuia mawimbi ya redio. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana katika vioo vingi huacha kipande kisichopakwa, aghalabu karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, na mara nyingi kipande hicho kimezungukwa na vidoa vyeusi. Tulikihamishia kifaa pale, sentimita chache tu kutoka kilipokuwa, na malango yakafunguka kama kawaida. Tangu hapo, kabla sijakubali kubandika chochote kwenye gari nisilolijua, nasoma kwanza kitabu cha gari kuona eneo la kifaa cha tozo liko wapi. Magari mengine hayana eneo hilo kabisa. Kwa hayo, baadhi ya kampuni hutoa kifaa cha nje kinachofungwa sehemu ya namba za mbele, na ni afadhali kukiomba mapema kuliko kuhangaika na gundi. Plastiki ya kutia giza kwenye vioo nayo iangalie kwa jicho hilohilo. Iliyo na metali ndani itafanya kazi ileile ya kuziba.

Kubandika kwenyewe kuna adabu yake. Kioo kisafishwe kwa spiriti upande wa ndani, kikauke kabisa, kisiwe na ukungu wala mafuta ya mikono, kisha ukandamize kwa nguvu na uache gundi ishike kabla ya kuendesha. Nasisitiza hili kwa sababu ya usalama zaidi kuliko tozo. Kisanduku kilichobandikwa ovyo huachia siku ya jua kali, na kikidondoka kwenye kona kinaweza kuteleza hadi chini ya miguu ya dereva. Kitu kigumu chini ya kanyagio la breki ni hatari ambayo haina uhusiano wowote na malipo. Kamera ya dashibodi na kishikio cha simu viwekwe mbali nacho, kwani watu hurundika kila kitu nyuma ya kile kioo kidogo cha ndani mpaka antena haina pa kupenya.

Kuna wanaopenda kukishika mkononi na kukiinua wanapokaribia lango, au kukiweka tu juu ya dashibodi ili wakihamishe kutoka gari moja kwenda jingine. Siungi mkono kabisa. Kifaa kilitengenezwa kikae kwa pembe fulani kuelekea antena, na kikilala ubavu usomaji unakuwa wa kubahatisha. Tena mfumo umekiunganisha na namba za gari moja. Nchini India jambo hili lilifikia kiasi kwamba mwaka 2025 mamlaka ya barabara kuu ilitangaza kuzifungia stika zinazobebwa mkononi bila kubandikwa. Na stika ikishabandikwa, ukijaribu kuibandua uipeleke gari jingine, antena yake hukatika. Ndivyo ilivyokusudiwa. Omba mpya.

Betri ni jambo la kimyakimya. Visanduku hivi vimezibwa, havifunguliwi nyumbani kubadilishwa betri, na kwa kawaida betri hudumu kati ya miaka 5 na 10. Inadumu hivyo kwa sababu katika aina nyingi kifaa hakirushi mawimbi yake chenyewe. Kinayarudisha yale ya antena yakiwa yamebeba ujumbe, na betri inalisha chipu tu. Basi inapochoka haifi kwa siku moja. Inaanza kukosa hapa na pale, hasa asubuhi za baridi, kisha mchana inasomeka vizuri, nawe unajiambia ni lango ndilo bovu. Ukiona kifaa kinakosa kwenye malango tofauti tofauti, acha kulaumu malango. Angalia tarehe uliyokabidhiwa kifaa. Mimi huandika tarehe hiyo kwenye karatasi ninayoweka pamoja na bima ya gari, maana kampuni nyingine hukumbusha na nyingine hazikumbushi. Kifaa kilichokufa kirudishwe kwa waliokitoa. Lithiamu haitupwi na taka za kawaida.

Jambo linalofanya betri mbovu isigundulike ni kamera. Zamani kifaa kikishindwa kusomeka, kizuizi hakifunguki, na unajua papo hapo. Siku hizi barabara nyingi hazina vizuizi. Ile barabara ya 407 ya Ontario, Kanada, ilifunguliwa mwaka 1997 bila kibanda hata kimoja cha kukusanyia pesa. Unapita kwa mwendo wako chini ya nguzo zenye antena na kamera, na kifaa kisiposomeka, namba za gari zinapigwa picha. Hukusimamishwa, hukukosa safari, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini katika mifumo mingi safari iliyosomwa kwa kamera hutozwa zaidi, ama kwa kiwango cha juu ama kwa ada ya picha inayoongezwa juu ya tozo. Unaweza kwenda miezi mingi ukilipa hivyo huku umebeba kifaa ulichokitolea fedha ili upate nafuu.

Ndiyo maana nasema kifaa ni nusu ya mambo na taarifa ya akaunti ni nusu ya pili. Hata mtu aliyeota jambo hili mapema, mchumi William Vickrey, alipopendekeza mwaka 1959 kwamba magari ya jiji la Washington yafungwe vifaa vya kutambuliwa na mitambo ya barabarani, wazo lake lilikuwa na bili ndani yake tangu mwanzo: mitambo inatambua gari, hesabu inafanyika pembeni, mwenye gari anapelekewa deni lake. Vickrey alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996. Miaka 30 baada ya pendekezo lake, mwaka 1989, barabara ya Dallas North Tollway huko Texas ilianza kupokea malipo kwa vifaa vya namna hii. Kwa hiyo bili haikuongezwa juu ya teknolojia kama pambo. Barabara ya namna hii inauzwa kwa mkopo wa muda mfupi, na mkopo bila kusoma daftari ni hatari kwa mkopaji.

Mimi husoma taarifa ya akaunti kila mwisho wa mwezi, na siangalii jumla kwanza. Naangalia safu ya namna ya usomaji. Kama mistari mingi inaonyesha safari imetambuliwa kwa namba za gari badala ya kifaa, najua kuna tatizo la kioo, gundi au betri, hata kama barabarani sijaona dalili yoyote. Kisha naangalia muda. Safari mbili za lango moja zilizopishana sekunde chache ni safari moja iliyohesabiwa mara mbili, na hilo hutokea zaidi pale gari linapokuwa na vifaa viwili, cha kampuni mbili tofauti, vyote vikiwa wazi kwenye kioo. Antena haijui kipi ndicho ulichokusudia. Ukilazimika kuwa na viwili, kile usichokitumia kifungie ndani ya mfuko wenye utando wa metali. Baadhi ya kampuni hukupa mfuko huo pamoja na kifaa, na watu wengi huutupa pamoja na boksi. Usiutupe. Ndiyo njia rahisi ya kukifanya kifaa kiwe kimezimwa, kwa sababu vifaa vingi havina swichi ya kuvizima.

Safu ya tatu ni daraja la gari. Kifaa kimesajiliwa kwa aina ya gari fulani, na siku unapofunga trela ya kubebea mzigo, idadi ya ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, inabadilika. Barabara nyingine zina mitambo inayohesabu ekseli na kurekebisha yenyewe, nyingine zinategemea ulichojaza ulipofungua akaunti, na nyingine zina vifaa ambavyo dereva mwenyewe hubonyeza kubadilisha hali. Ukivuta trela mara kwa mara, waulize waliokupa kifaa kabla ya safari. Nimeona mwenzangu aliyevuta trela wikendi moja tu akabaki kwenye daraja la juu wiki kadhaa baadaye, na alipata nafuu kwa sababu alikuwa na tarehe alizozichukua kwenye taarifa, si kwa sababu ya kulalamika kwa sauti kubwa.

Kadi ya benki iliyofungwa kwenye akaunti nayo ina mwisho wake. Salio kujazwa na mfumo wenyewe kutoka kwenye kadi ni raha, na ninaipendekeza, lakini benki ikikupa kadi mpya, ile namba ya zamani iliyoko kwenye akaunti ya tozo inaweza kukataliwa bila wewe kusikia lolote mpaka salio liishe. Nilipopata kadi mpya mara ya mwisho, akaunti ya tozo ndiyo niliyoibadilisha kabla ya nyingine zote, kwa sababu nyingine zikikataliwa unaletewa barua pepe ya upole, ila hii ikikataliwa unaletewa faini. Anwani na simu vilevile. Watu huhama nyumba wakaacha notisi zao zikienda kwa wageni.

Gari la kukodi lina mtego wake. Mengi huja na kifaa cha kampuni ya kukodisha, kimewekwa ndani ya kijisanduku chenye mlango wa kuteleza. Mlango ukiwa wazi unatumia cha kwao, kwa masharti yao, ambayo mara nyingi yana ada ya kila siku. Ukitaka kutumia chako, funga mlango huo, kisha ingiza namba za gari la kukodi kwenye akaunti yako na tarehe za kuanza na kumaliza. Sehemu ya kumaliza ndiyo inayosahaulika, na atakayelikodi baada yako ataendesha kwa gharama yako. Kuuza gari ni hivyohivyo, ila kwa uzito zaidi. Kabla funguo hazijatoka mkononi, toa kifaa, kama ni stika ichane kabisa, na ufute namba za gari kwenye akaunti siku hiyohiyo. Kutoa kifaa bila kufuta namba hakutoshi, kwa sababu kamera bado inakujua.

Langoni penyewe pana utaratibu ambao ningependa kila dereva mpya aufundishwe. Njia za kielektroniki zenye vizuizi si za kupita kwa kasi. Italia kikomo kwenye njia za Telepass, mfumo wa huko wa kulipia kwa kifaa, ni kilomita 30 kwa saa, na Japani wanataka 20 au chini yake, kwa sababu kizuizi kinahitaji muda wa kunyanyuka na wewe unahitaji muda wa kusimama kama hakikunyanyuka. Acha nafasi kati yako na gari la mbele. Ukilifuata mkiani, antena inaweza kuchanganya nani ni nani, na likikataliwa huna pa kwenda. Kizuizi kisipofunguka kwako, simama, washa taa za tahadhari, bonyeza kitufe cha kuongea na mhudumu, na usubiri. Usirudi nyuma. Usishuke kwenda kuongea na gari la nyuma. Aliye nyuma yako anaangalia kama njia iko wazi, hatarajii mtu aliyesimama wala gari linalorudi kinyume, na malori ni mazito kusimama.

Miaka ya karibuni kumezuka adui mwingine ambaye hayuko barabarani. Ni ujumbe wa simu unaosema una deni dogo la tozo, lipa leo kupitia linki hii usije ukatozwa faini. Mwezi Aprili 2024 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 2,000 ya ujumbe wa namna hiyo katika muda wa mwezi mmoja na kidogo. Ujanja wake ni kwamba kiasi kinachotajwa ni kidogo kiasi cha kumfanya mtu alipe ili apumzike, na anapolipa anakuwa amewakabidhi namba za kadi yake yote. Walipona wengi ambao hawakuwa na barabara ya kulipia hata karibu nao. Walio hatarini hasa ni sisi tunaozitumia kila siku, kwa sababu deni linaonekana la kweli. Kinga yangu ni ileile taarifa ya mwezi. Ninajua ninachodaiwa, na nikipata ujumbe wowote naufunga, kisha naingia kwenye akaunti kwa anwani niliyoihifadhi mwenyewe au napiga namba iliyochapishwa mgongoni mwa kifaa. Linki siigusi.

Na ukikuta kweli kuna tozo usiyoitambua, usilipe kwanza ndipo uulize. Omba picha. Mfumo uliokutoza kwa namba za gari una picha ya gari hilo, saa na lango. Mara nyingi picha inamaliza ubishi pale pale: herufi moja ilisomwa vibaya, tope lilifunika tarakimu, au ni gari la rangi nyingine kabisa. Andika kwa maandishi, taja namba ya muamala, na ubaki na nakala ya ulichoandika. Muda wa kupinga huwa na kikomo, na kikomo hicho kimechapishwa kwenye notisi yenyewe, kwa kawaida upande wa nyuma, kwa herufi ndogo kuliko zote.